Baba Askofu Josiah Kibira na Tumaini la Mji Uliochakaa

Usharika wetu unapotimiza miaka 100 tangu Injili ilipoanza kuhubiriwa mahali hapa, yako majina ambayo hayamo katika vitabu vya ubatizo vya usharika, lakini historia yetu haiwezi kukamilika bila hayo. Mojawapo ni jina la Baba Askofu Josiah Mutabuzi Kibira, aliyekuwa askofu wetu katika miaka ambayo Karagwe ilikuwa bado sehemu ya Dayosisi ya Kaskazini Magharibi yenye makao yake Bukoba. Wazee waliobarikiwa kipaimara siku zake bado wamo miongoni mwetu. Vijana wengi wamelisikia jina lake tu. Sura hii imeandikwa kwa ajili ya wote wawili, pamoja na wageni wetu kutoka katika dayosisi.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa hatuhitaji kufundishwa kwamba mji unaweza kufa. Bweranyange ulikuwa makao ya wafalme wa Karagwe. Mwaka 1861 Omukama Rumanyika aliwapokea hapo wasafiri Waingereza Speke na Grant, na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilipita katika nchi yake ikifuata pembe za ndovu. Kabla karne ya 19 haijaisha, ugomvi wa kurithi kiti, magonjwa ya watu na tauni ya ng'ombe vilikuwa vimeunyong'onyeza ufalme, na sehemu kubwa ya fahari ile ikafunikwa na nyasi. Leo Bweranyange inajulikana zaidi kwa shule ya sekondari ya wasichana ya Dayosisi yetu. Basi swali la maisha ya Askofu Kibira ni swali letu pia: mahali palipochakaa, Mungu huanza wapi kujenga upya?

Kuzaliwa na malezi

Josiah Kibira alizaliwa tarehe 28 Agosti 1925 katika nchi ya Buhaya. Mji wa Bukoba, ambao jina lake lingeambatana na jina la mtoto huyu ulimwenguni kote, ulikuwa bado mchanga. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani hapo mwaka 1890. Mwezi Juni 1915 majeshi ya Uingereza yaliuvamia kutoka ziwani, yakaharibu kituo cha mawasiliano, na mji ukaporwa. Mtoto alizaliwa miaka 10 tu baada ya siku hizo, chini ya watawala wapya.

Kanisa nalo lilikuwa limekwisha kuonja msukosuko. Kabla mmisionari wa Kilutheri hajafika, walikuwapo Wahaya waliojifunza kusoma na kuomba upande wa Uganda, wakarudi kwao na Kitabu mkononi. Mwaka 1910 Ernst Johanssen wa Misheni ya Betheli ya Ujerumani alifika Bukoba, akawakuta watu wa namna hiyo wakingoja mwalimu. Vita ya Kwanza ya Dunia iliwaondoa wamisionari, na waumini wenyewe wakalishika jembe. Wamisionari walirudi baadaye, kisha Vita ya Pili ikawaondoa tena. Kuanzia mwaka 1942 Wasweden walikuja kusaidia, akiwamo mchungaji kijana Bengt Sundkler. Mara mbili, basi, Kanisa hili lilibaki bila wale waliodhaniwa kuwa nguzo zake, na mara zote mbili lilisimama kwa mikono ya walimu wa vijijini, wainjilisti na akina mama wa sala. Kijana Kibira alikulia katika Kanisa lililojua kwamba nguzo inaweza kuondolewa na nyumba isianguke.

Alijaliwa akili ya kusoma. Alisoma Tabora, mahali walikopelekwa vijana wachache waliochaguliwa wakati wa ukoloni, kisha akawa mwalimu. Ualimu ulimkaa mwilini hata baada ya kuvaa msalaba wa askofu.

Moto wa Uamsho

Katika miaka ya 1930 Uamsho ulianzia Gahini, nchini Rwanda, ukapita Uganda na kuingia Buhaya na Karagwe. Walokole, kama walivyoitwa, waliungama dhambi zao hadharani bila kuficha kitu. Mwenye mali ya wizi aliirudisha kwa mwenyewe. Waliogombania mpaka wa kibanja walipatana. Mume alimwomba mkewe msamaha, jambo ambalo mila haikulizoea. Wengi waliwacheka, na wengine walikasirika, kwa maana taa iliyowashwa karibu huonyesha vumbi la nyumba nzima.

Mwalimu Kibira aliguswa na moto huo akiwa kijana, na tangu hapo akahesabiwa miongoni mwa ndugu wa Uamsho. Lakini aliona pia hatari yake. Katika miaka ya 1950 baadhi ya watu wa Uamsho walijitenga wakaunda kundi lao, wakiamini kwamba Kanisa la zamani limekufa na halifai kuponywa. Jeraha hilo liliwauma wengi, kwa kuwa waliokuwa wakiomba pamoja walianza kupishana njiani bila salamu.

Kibira alibaki ndani. Huu ulikuwa uamuzi wa kwanza mkubwa wa maisha yake, na mingine mingi ilichipuka kutoka humo. Aliamini kwamba Kanisa lililopoa huponywa na wale wanaolipenda kiasi cha kuendelea kukaa nalo. Anayeiona nyumba ikivuja ana njia mbili: kuhama, au kupanda juu ya paa. Yeye alipanda juu ya paa.

Kuitwa katika uchungaji na uaskofu

Kanisa lilimtuma Betheli, Ujerumani, kusoma theolojia. Kwa njia hiyo mtoto wa Buhaya aliketi katika kijiji kile kile kilichowatuma wamisionari wa kwanza Bukoba. Betheli ni mahali ambapo wagonjwa wa kifafa na wenye ulemavu walitunzwa pamoja na wanafunzi wa theolojia, na asiyeweza kufanya kazi alihesabiwa kuwa mwenyeji kama mwingine yeyote. Mwaka 1960 Kibira alibarikiwa kuwa mchungaji. Baadaye aliendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Boston, Marekani.

Wakati huo mambo nyumbani yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, Bengt Sundkler alikuwa askofu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Buhaya. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri nchini yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, ambalo leo ni KKKT, na Kanisa la Buhaya likawa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Mwaka 1964 Sundkler aliondoka, na Josiah Kibira akawekwa wakfu kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Eneo alilokabidhiwa lilianzia visiwa na mwambao wa Ziwa Viktoria hadi mipaka ya Rwanda na Uganda, Karagwe yote ikiwamo. Barabara zilikuwa za udongo, na wakati wa masika gari lilisukumwa zaidi ya lilivyoendeshwa.

Mji wa Bukoba ulikuwa katika neema. Kahawa ilileta fedha, wakulima walikuwa na chama chao cha ushirika tangu mwaka 1950, na mabati yaling'aa juu ya nyumba zilizokuwa za nyasi. Kutoka nchi hii hii alitoka Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu, aliyeteuliwa mwaka 1960. Wazazi wengi waliamini kwamba watoto wao watakuwa na maisha mepesi kuliko yao.

Kanisa na ukoo

Mwaka 1974 Askofu Kibira alitoa kitabu kwa Kiingereza juu ya Kanisa, ukoo na ulimwengu. Humo alilichukua jambo ambalo kila Mhaya na kila Mnyambo analijua kwa damu: kwamba mtu ni wa ukoo. Ukoo ndio uliompa jina, kibanja, mke na mahali pa kuzikwa. Mtu asiye na ukoo alikuwa kama mgomba usio na shina. Baadhi ya wahubiri wa kwanza waliutazama ukoo kama adui wa Injili. Askofu aliona kwamba Kanisa lisipouelewa ukoo litabaki kuwa kanzu ya Jumapili, na Jumatatu watu watarudi kuishi kwa sheria nyingine.

Alichotaka kifahamike ni kwamba Kanisa ni ukoo mpya. Ukoo wa damu una mpaka: huwatunza walio wake na kuwaacha wengine mlangoni. Ukoo wa ubatizo unamwingiza aliyeachwa mlangoni. Wakati fundisho hili lilipoandikwa, lilionekana kuwa suala la wasomi. Haikupita miaka 10, likawa suala la nani atamlea mtoto na nani atamzika jirani.

Mwaka 1977

Mwezi Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano Mkuu wake Dar es Salaam, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mada yake ilihusu jumuiya mpya katika Kristo. Miezi minne kabla yake, mwezi Februari, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana aliuawa Uganda chini ya utawala wa Idi Amin, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Kusini mwa Afrika watu walikuwa wakitengwa kwa rangi ya ngozi, hata mezani pa Bwana. Mkutano ulitamka kwamba ubaguzi huo unagusa ungamo la imani lenyewe, na kwamba Kanisa haliwezi kuukubali likabaki kuwa Kanisa.

Mkutano huo ulimchagua Askofu Kibira kuwa Rais wa Fungamano, wa kwanza kutoka Afrika, akimfuata Mikko Juva wa Finland. Aliishika kazi hiyo hadi mwaka 1984. Mbele ya makanisa tajiri na maskini alisisitiza jambo moja, kwamba hakuna kanisa maskini kiasi cha kukosa cha kutoa, wala tajiri kiasi cha kutohitaji kupokea. Msimamo huo uliwainua waliozoea kupokea tu, na uliwanyenyekesha waliozoea kutoa tu.

Vita na mji uliochakaa

Mwaka uliofuata, Rais wa Fungamano alikuwa askofu wa mji unaolengwa na mabomu. Mwezi Oktoba 1978 ndege za Idi Amin ziliushambulia mji wa Bukoba, na wakazi wengi wakakimbia wakiwa na vifurushi kichwani. Mwishoni mwa mwezi majeshi yake yaliingia kaskazini ya Mto Kagera. Watu waliuawa, ng'ombe waliswagwa, nyumba zilichomwa. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Kyaka ndipo barabara ya kuja kwetu Karagwe inapoachana na ile ya Mutukula, hivyo wazee wetu wanakumbuka jinsi njia ya Bukoba ilivyokuwa njia ya hofu.

Mwezi Aprili 1979 Amin aliondolewa Kampala. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera. Amani ilirudi, lakini neema haikurudi. Hazina ya taifa ilikuwa imechoka. Chama cha ushirika cha wakulima kilikuwa kimevunjwa na serikali mwaka 1976 pamoja na vyama vikuu vingine nchini. Maduka ya Bukoba yalibaki na rafu tupu, na watu walipanga foleni ya sukari, sabuni na chumvi. Rangi za majengo ya barabara za mjini zilibanduka bila kupakwa upya. Magendo yalipita usiku kwenda na kutoka Uganda, na mwaka 1983 serikali ilianza msako mkali wa wahujumu uchumi. Kuchakaa kwa kuta kulifuatana na kuchakaa kwa mioyo, kwa maana mtu aliyekuwa mwaminifu alianza kuonekana mjinga.

Nasi tunapaswa kulitazama kwa makini jambo lililofanyika katika mwaka ule ule wa 1979. Dayosisi iliyotoka vitani, isiyo na mafuta ya magari wala saruji ya kuezeka wala kujenga, ingeweza kujikunyata na kulinda kidogo kilichobaki. Badala yake iligawanyika kwa hiari, na Dayosisi ya Karagwe ikazaliwa. Askofu aliyekuwa kiongozi wa Walutheri wa ulimwengu mzima alikubali eneo lake la nyumbani lipungue, ili watu wa Karagwe wachungwe na askofu anayeishi kati yao. Sharika zetu, ikiwamo hii, zilikabidhiwa wajibu wa kujiongoza katika mwaka ambao watu wengi waliwaza chakula cha siku moja. Kama angengoja mji upone kwanza, huenda tungengoja naye kwa miaka mingi.

Jaribu la mwisho

Mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, ambayo ni ya Kanisa letu, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini walionekana. Mwanzoni ugonjwa huo haukuwa na jina la kueleweka. Watu waliuita kwa majina ya mafumbo, wakaunong'ona. Baadaye ukawa msiba wa kila kilima. Vibanja vilibaki na bibi na wajukuu. Ukoo wa damu, uliokuwa ngome ya Wahaya na Wanyambo, ulianza kulemewa, kwa kuwa wajomba na shangazi ambao wangechukua yatima walikuwa wenyewe makaburini.

Mwaka 1984 Mkutano Mkuu wa Budapest ulihitimisha muda wa Askofu Kibira katika Fungamano, akapokewa na Zoltán Káldy wa Hungaria. Mkutano huo ulisimamisha uanachama wa makanisa mawili ya wazungu kusini mwa Afrika yaliyokataa kuachana na ubaguzi, tunda la lile lililotamkwa Dar es Salaam. Bukoba, fimbo ya uaskofu ilipokewa na Samson Mushemba, ambaye baadaye aliongoza KKKT yote. Kwa miaka kadhaa Askofu Kibira alikuwa amebeba maradhi yaliyoudhoofisha mwili wake. Alifariki dunia tarehe 18 Julai 1988, akikaribia kutimiza miaka 63.

Alikufa msiba wa UKIMWI ukiwa bado unapanda. Hakuona dawa za kurefusha maisha, wala hakuona mji wa Bukoba ukipakwa rangi upya. Tukipima maisha yake kwa hali ya mji siku alipouacha, tungesema kazi yake ilishindwa. Hapo ndipo imani inapotutaka tupime kwa kipimo kingine. Nabii Yeremia alinunua shamba wakati Yerusalemu umezingirwa, akahifadhi hati yake katika chombo cha udongo, akijua kwamba yeye mwenyewe hatalilima. Askofu Kibira aliishi katika uwezo wa ahadi ya namna hiyo.

Tulichorithi

Fundisho la ukoo mpya lilipata mikono baada yake. Katika Dayosisi mama ilianzishwa huduma ya watoto yatima, HUYAWA. Kwetu Karagwe, Hospitali ya Nyakahanga na sharika zetu zimewahudumia wagonjwa ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa. Mwaka 1994, maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipoingia Karagwe, wenyeji waligawana nao maji, kuni na ardhi, ingawa mzigo ulikuwa mzito na haukukosa manung'uniko. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliutikisa mji wa Bukoba, nyumba zikaanguka na watu wakafa. Mji ule umelazimika mara nyingi kuanza tena.

Tangu mwaka 2012 Karagwe ya zamani ni wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa. Kayanga na Omurushaka zinakua, na vijana wetu wanatafuta riziki humo, au Mwanza, Kampala na Dar es Salaam. Miji inayokua nayo ina uchakavu wake: pombe, rushwa ndogo ndogo, chumba cha kupanga ambamo mtu anaweza kuugua siku tatu bila jirani kubisha hodi. Kijana wa usharika huu akifika huko, je, atapata ukoo? Na kijana wa mahali pengine akifika kwetu, je, atapata?

Wakulima wetu wamejifunza jambo tangu mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani mwaka 2006. Anayeona haya kuonyesha mgomba wake mgonjwa hupoteza shamba lote, na la jirani pia. Anayeonyesha mapema, akaung'oa na kupanda mche safi, hula ndizi tena. Hilo ndilo walilofanya watu wa Uamsho kwa dhambi zao, na ndilo Baba Askofu Kibira alilotamani Kanisa lifanye kila wakati, kuanzia kwa askofu mwenyewe.

Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya mtumishi wake huyu. Tunapoingia miaka mingine 100, tuombe tupewe moyo wa kukaa na nyumba inayovuja na kupanda juu ya paa lake, tukijua kwamba mjenzi wa mji udumuo ni Mungu mwenyewe. Utukufu una yeye, sasa na hata milele. Amina.